Kwenda Gombe na Mahale bila kuumia mfukoni: mwongozo kamili wa viingilio, boti na nafuu zilizopo

Ukikaa kijiweni Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, ukauliza nani amewahi kuingia Hifadhi ya Gombe, wengi watakujibu kwamba kule ni kwa wazungu na dola zao. Wanaosema hivyo ni watu wanaopita mbele ya hifadhi hiyo kila wakienda kwa boti Ziwa Tanganyika hadi vijiji vya Mwamgongo au Kagunga. Wanaiona milima, wanawaona nyani ufukweni, kisha boti inaendelea na safari. Inaniuma. Sokwe wa Gombe wanajulikana dunia nzima tangu Jane Goodall aliposhuka pale tarehe 14 Julai 1960, lakini mtoto aliyezaliwa Kigoma anawajua kwa kuwaona kwenye televisheni.

Kinachowazuia wengi ni habari ya bei iliyofika nusu. Mtu amesikia "dola mia", akakata tamaa papo hapo. Dola mia ni ya mgeni kutoka nje. Kwa Mtanzania, kiingilio ni moja ya gharama ndogo kabisa katika safari nzima. Pesa inakwenda kwenye boti. Kwa mgeni mambo yamegeuka: kiingilio ndicho kinachommaliza, boti inafuata nyuma. Kwa hiyo nafuu ya Mtanzania na nafuu ya mgeni hazitafutwi sehemu moja, na mwongozo huu utazitenganisha kila inapobidi.

Kwanza, jua uko kundi gani

Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, linapanga viingilio kwa makundi matatu. Kuna raia wa nchi za Afrika Mashariki, wanaolipa kwa shilingi. Kuna wasio raia wanaoishi nchini kwa kibali, ambao hulipa takriban nusu ya bei ya mgeni. Halafu kuna wageni wa nje. Ndani ya kila kundi umri unahesabika: chini ya miaka 5 haulipi, miaka 5 hadi 15 ni bei ya mtoto, na kuanzia 16 ni mtu mzima.

Kwa mgeni mtu mzima, Gombe imekuwa dola 100 kwa saa 24, na Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini ya Kigoma, dola 80. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18, hivyo Gombe inafika dola 118 na Mahale dola 94.40. Kwa Mtanzania mtu mzima, viwango katika hifadhi za TANAPA vimekuwa shilingi 5,000 au 10,000 kabla ya VAT, kutegemea hifadhi. Ukipanga bajeti, weka cha juu, yaani 11,800 ukijumlisha kodi. Kikitoka pungufu, kinachobaki utanunulia soda za watoto.

Bei ya raia inatolewa kwa anayethibitisha uraia. Beba kitambulisho cha NIDA, au pasipoti, na kwa watoto beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kwa kijana wa miaka 14 au 15 mwenye umbo la mtu mzima. Familia zenye mchanganyiko, kwa mfano mke Mtanzania na mume raia wa nje, hazina bei ya familia: kila mmoja analipa kwa kundi lake. Mume huyo akiwa na kibali cha ukaazi, asikiache nyumbani. Karatasi hiyo moja inaokoa karibu dola 60 kwa siku pale Gombe.

Jirani zetu wa Burundi na Kongo, ambao nchi zao zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wasijihesabu wageni wa dola kabla hawajauliza. Waje na hati zao za kusafiria.

Pili, jua bei inabadilika lini na kwa nini

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na viwango vya TANAPA hufuata kalenda hiyohiyo. Maana yake, bei uliyoambiwa na rafiki yako aliyekwenda Mei si lazima iwe bei ya Agosti. Bahati mbaya mabadiliko yanaangukia mwanzoni mwa kiangazi, wakati ambao watu wengi wanataka kusafiri. Ukipanga safari ya Julai au Agosti, ulizia bei mara mbili: unapoanza kuweka akiba, na tena Julai ikishaingia.

Kinachobadilika si kiingilio peke yake. Julai 2016 kiingilio chenyewe kilibaki palepale, lakini VAT iliwekwa kwenye huduma za utalii, na anayelipa akajikuta juu kwa asilimia 18 bila bango lolote kuandikwa bei mpya. Ndiyo maana, unapotajiwa bei na yeyote, afisa au wakala, swali lako la kwanza liwe: "Hiyo ni pamoja na VAT?" Nimeona bajeti za vikundi zikivurugika kwa sababu ya swali hilo kutoulizwa. Kwa wanaolipa kwa dola kuna jambo la tatu, nalo ni kiwango cha kubadilishia fedha siku ya malipo.

Kwa nini bei ya mgeni ni kubwa hivyo, wakati Gombe ni kahifadhi kadogo kuliko kata nyingi za Kigoma? Sokwe wa pale ni takriban 100 tu, na mafua ya binadamu yanawaua. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kule Mahale. Hifadhi inahitaji wageni wachache wanaolipa vizuri. Rwanda ilifuata fikra hiyohiyo kwa nguvu zaidi: Mei 2017 kibali cha kuwaona sokwe wa milimani, gorila, kilipandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa siku moja. Uganda nayo ilipandisha chake hadi dola 800 Julai 2024. Ukiweka Gombe kando ya hao, dola 118 inaeleweka. Bei ya raia, kwa maoni yangu, ni zawadi ambayo hatujaitumia.

Usitegemee punguzo la msimu wa mvua la hifadhi za kaskazini. Serengeti na wenzake wana bei pungufu kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei, na watu huichukulia kuwa ni ya nchi nzima. Kwa Gombe na Mahale uliza kwanza, usipange bajeti kwa tetesi.

Tatu, hesabu saa, siyo siku

Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24. Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea, na hapa ndipo panapookoa nyingi kuliko punguzo lolote utakaloahidiwa.

Boti za abiria zinaondoka Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, mchana na kufika Kasekela, makao ya hifadhi, jioni. Zinarudi kutoka Kagunga asubuhi na mapema na kupita Gombe wakati jua ndiyo linachomoza. Ukienda kwa boti hiyo Jumatatu, huwezi kuwafuata sokwe siku hiyo. Unawafuata Jumanne, na boti ya kurudi unaipata Jumatano asubuhi. Ukishuka saa kumi jioni ya Jumatatu na kuondoka saa moja asubuhi ya Jumatano, ni saa 39. Hizo ni vipindi viwili vya saa 24.

Kwa Mtanzania, kipindi cha pili ni nyongeza ya elfu kumi na kitu. Ni bei ya kuku. Kwa mgeni ni dola 118 nyingine, na nauli rahisi ya boti ya abiria imekwisha kumgharimu zaidi kuliko kukodi. Ushauri wa "panda boti ya wenyeji uokoe pesa" ni mzuri kwa raia na ni mtego kwa mgeni.

Ila mgeni anayo njia ya katikati, na ndiyo ninayoipenda. Apande boti ya abiria kwenda, afike saa kumi jioni, alale. Kesho yake saa moja asubuhi aingie msituni na mwongozaji. Saa saba au nane mchana boti ya kukodi imfuate, aondoke kabla ya saa kumi. Saa 24 hazijatimia, amelipa kiingilio kimoja, amelala hifadhini usiku mmoja, na amekodi boti ya upande mmoja tu. Akipata wenzake wa kuchangia boti hiyo, hesabu inazidi kuwa nyepesi.

Kabla ya kulipa, uliza ofisini saa zinaanza kuhesabiwa wakati gani: ukikanyaga ufukwe, ukisaini kitabu, au ukiingia msituni? Jibu hilo lipate kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, maana hesabu yote hapo juu inasimama juu yake.

Nne, boti

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo Mtanzania anapookoa au anapopoteza.

Kibirizi ni mwalo ulio kilomita chache kaskazini ya mji. Daladala na bodaboda zinafika. Gombe iko kama kilomita 16 kutoka Kigoma mjini na hakuna barabara ya kukufikisha, kwa hiyo kila kitu kinapita majini. Boti za abiria ni ndefu, za mbao, za injini ya nyuma. Mchana zinapakia unga, kreti za soda, magodoro, mabati, kuku waliofungwa miguu, halafu watu wanakaa juu ya mzigo. Kati ya saa sita na saa nane inasukumwa, na kwa kuwa inasimama vijijini, safari inachukua saa tatu hadi nne. Nauli ni ndogo na ni ileile anayolipa mama anayerudi Mwamgongo. Ukiona umetajiwa ya juu, muulize kwa upole abiria wa jirani: "Shangazi, mpaka Kasekela kichwa ni shilingi ngapi?" Utaambiwa.

Mambo manne ya boti ya abiria. Fika Jumamosi au ndani ya wiki, maana Jumapili usafiri huo huwa haupo. Mwambie nahodha tangu unapanda kwamba unashuka Kasekela hifadhini, asikupitilize. Funga begi lako ndani ya mfuko wa nailoni, maji ya ziwa hayachagui. Na kwa kurudi, waombe wahudumu wa hifadhi wampigie nahodha jioni ya kabla, kisha uwe ufukweni kungali na ubaridi. Boti haitangoja umalize chai.

Kukodi boti nzima kunakufikisha kwa saa moja na nusu hadi mbili, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Bei inabadilika kwa bei ya petroli, ukubwa wa injini na maneno yako mwenyewe. Siri ni kutotaja idadi ya watu mwanzoni. Taja kazi: "Kaka, boti nzima Kasekela kwenda na kurudi, mnatusubiri mpaka saa tisa alasiri, mafuta juu yenu. Shilingi ngapi?" Sentensi hiyo imefunga milango mitatu ambayo bei hupandia baadaye: mafuta, kusubiri, na kurudi. Ulizia kwa wenye boti wawili au watatu, na uliza pia ofisi ya hifadhi kama boti yao inapatikana siku hiyo, uwe na bei ya kulinganisha.

Halafu gawanya. Chukua boti ya 360,000 kama mfano wa hesabu tu. Ukienda peke yako unabeba 360,000 kwa ajili ya kiingilio cha elfu kumi na kitu. Mkiwa sita kila mmoja anatoa 60,000. Sita ni idadi nzuri kwa sababu nyingine: wanaoruhusiwa kukaa na sokwe kwa wakati mmoja ni kundi dogo, sita ndiyo kawaida, na mwongozaji hulipwa kwa kundi, si kwa kichwa. Mkiwa sita mnajaza boti, mnajaza kundi, na ada ya mwongozaji mnaigawa kwa sita. Mkiwa saba mmeharibu hesabu, maana wa saba anahitaji kundi jingine.

Usiokoe kwenye jaketi okozi. Kila abiria awe na lake, limevaliwa, na uyahesabu kabla hujatoa hela ya kianzio. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu Ziwa Tanganyika na mawimbi yake si ya mchezo. Boti rahisi isiyo na jaketi waachie wenyewe.

Tano, kulipa

Usibebe bahasha ya noti ukitegemea kulipa mlangoni. Malipo ya hifadhi yanakwenda kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, ambayo watu wameizoea kwa jina la kontrol namba. Utaratibu wenyewe ni huu.

Pita ofisi ya TANAPA mjini Kigoma, au wapigie, siku kadhaa kabla. Wape majina kamili, uraia, umri, tarehe ya kuingia na huduma unazotaka: kiingilio, mwongozaji, kitanda. Watakutengenezea ankara yenye namba hiyo. Isome mstari kwa mstari kabla ya kulipa. Angalia kundi (raia asiandikwe mgeni), idadi ya saa 24, na watoto kama wamewekwa kwa bei ya watoto. Kosa likirekebishwa kabla ya malipo ni dakika tano. Baada ya malipo ni barua na kusubiri.

Kisha lipa kwa benki au simu. Kwa M-Pesa unapiga *150*00#, unaingia kwenye kulipa, unachagua malipo ya serikali, unaandika namba. Mitandao mingine ina njia kama hiyo. Kabla ya kuweka namba ya siri, tulia uisome skrini: lazima iseme malipo yanakwenda wapi na kiasi gani. Likitokea jina la mtu binafsi, acha. Ujumbe wa uthibitisho upige picha ya skrini na pia uandike namba ya risiti kwenye karatasi, kwa sababu mtandao kando ya ziwa unakatika na simu inaweza kuloa.

Namba ya malipo ina muda wa kuisha. Ikiwa kikundi chenu bado mnachangishana, msiiombe mapema mno. Kusanyeni kwanza, ombeni namba, lipeni siku hiyohiyo.

Sita, nafuu za kweli na za uongo

Nafuu za kweli ni hizi. Shule na vyuo: mkuu wa shule amwandikie barua mhifadhi mkuu wiki kadhaa kabla, akieleza idadi ya wanafunzi, walimu, umri na lengo la ziara ya mafunzo. Vikundi vya wanafunzi vina utaratibu wake na barua ndiyo inayoufungua. Bila barua, mnalipa kama watalii wengine.

Maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu ya magharibi hufanyika Tabora, na Saba Saba Dar es Salaam. Vipindi kama hivyo, pamoja na sikukuu za mwisho wa mwaka, ndipo taasisi za utalii hutangaza safari za pamoja za utalii wa ndani. Bei yake nzuri inatokana na usafiri wa pamoja, hivyo hoja ya kuuliza si "punguzo ni asilimia ngapi" bali "boti imo?" Safari inayokufikisha Kigoma mjini kisha ikakuachia boti ujitafutie si nafuu.

Vikundi vya kazini, kwaya, VIKOBA na wanamichezo vina nguvu ambayo havijaitumia. Wanachama 12 wanaoweka elfu tano kwa wiki kwa miezi mitatu wana boti mbili za sita sita bila mtu kukopa. Sioni punguzo la kampuni yoyote litakaloshinda hilo.

Nafuu za uongo ni rahisi kuzitambua ukishajua bei inavyojengwa. Kiingilio cha raia kiko chini kiasi kwamba hakuna wakala mwenye cha kupunguza hapo. Anayekuambia atakupatia "nusu bei ya geti" amepandisha kitu kingine. Anayekutaka utume hela kwa namba yake ya simu "akulipie serikalini" hana sababu ya kufanya hivyo, kwani namba ya malipo unaweza kupewa wewe mwenyewe. Na anayemwambia mgeni kwamba atamwingiza kwa bei ya raia anamtafutia aibu: vitambulisho vinakaguliwa, na atalipa tofauti yote akiwa ufukweni bila mtandao.

Kwa wakala halali, mwombe agawanye bei yake: kiingilio, mwongozaji, boti, malazi, chakula, faida. Mwenye kazi safi atagawanya.

Saba, kulala na kula

Kasekela kuna vyumba vya hifadhi na sehemu ya kupiga hema. Bei ya raia ipo, lakini vitanda si vingi, kwa hiyo weka nafasi pamoja na kiingilio kwenye ankara moja. Chakula beba chako kutoka soko la Kigoma: mchele, maharage, dagaa, mafuta ya mawese, matunda, maji. Uliza kama jiko liko wazi na kama kuna mpishi wa kumpa chochote akusaidie.

Nyani wa ufukweni ni wezi waliokubuhu. Mlango ufungwe kila unapotoka, hata unapokwenda kunawa tu. Mkungu wa ndizi mezani hautakaa dakika moja, na kupoteza chakula cha siku mbili mahali pasipo na duka ni gharama kubwa.

Nane, Mahale ni hesabu nyingine

Mahale iko zaidi ya kilomita 100 kusini ya Kigoma, ilitangazwa hifadhi mwaka 1985, na watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa pale tangu 1965. Ina kilomita za mraba 1,613, na mlima Nkungwe unafika mita 2,462. Kiingilio chake kwa mgeni ni kidogo kuliko cha Gombe, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Boti ya kukodi ya moja kwa moja kutoka Kigoma inakula tofauti hiyo mara nyingi.

Njia ya gharama ndogo ni kufika kwanza upande wa Lagosa kwa usafiri wa kawaida, wa majini au wa barabarani kadiri msimu unavyoruhusu, kisha kuomba boti ya hifadhi ije ikuchukue kwa kipande kilichobaki mpaka makao yake Bilenge. Boti hiyo iagizwe kabla hujatoka Kigoma. Meli kongwe MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, kwa miaka mingi ndiyo iliyowashusha abiria wa huko. Ulizia bandarini kama kuna meli inayosafiri wiki yako. Weka siku tatu au nne, nenda na kundi, na usijaribu kwa wikendi. Kama ni mara yako ya kwanza na pesa ni ya kuhesabu, nenda Gombe.

Tisa, kwa wanaotoka Tabora

Treni ya reli ya kati inatoka Tabora hadi Kigoma mjini, na mabasi yanapita Urambo, Kaliua na Uvinza. Daraja la tatu la treni ndilo rahisi, lakini ratiba na ucheleweshaji vinakula saa, na saa za Gombe zinalipiwa. Usipange treni ya asubuhi na boti ya mchana wa siku hiyohiyo. Lala Kigoma usiku mmoja, jioni pita Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana pale Novemba 1871, kesho yake uwe Kibirizi kabla ya saa sita. Ukitaka kwenda na kurudi kwa basi, anza Ijumaa, Gombe Jumamosi kwa boti ya kukodi, Jumapili barabarani. Gari la kukodi la watu 12 au zaidi kutoka Tabora linaendana vizuri na hesabu ya boti mbili.

Kumi, usije ukalipa halafu usiwaone

Kiingilio kinakuingiza hifadhini, hakikuahidi sokwe. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia ni kavu na kupanda ni rahisi zaidi. Masika mteremko unateleza na unaweza kupanda kwa muda wa saa nne bila kuona kitu. Ukiwaona, muda ni saa moja, kwa umbali wa mita 10, bila kula mbele yao. Mahale barakoa ni lazima. Beba hata ukienda Gombe.

Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, na hilo ni haki yao. Kwa hiyo mtu wa kundi akianza kupiga chafya siku mbili kabla, asilipiwe kwanza. Mwekeni mwingine kwenye orodha, na ndiyo sababu nyingine ya kuomba namba ya malipo mwishoni badala ya mwanzoni. Watoto wadogo nao wana kikomo: Mahale chini ya miaka 12 hawapandi kwa sokwe. Kwa Gombe taja umri wa kila mtoto unapoomba ankara, ili mjue mapema nani atapanda na nani atabaki ufukweni na mtu mzima mmoja. Huyo anayebaki naye alipiwe kiingilio, ila asihesabiwe kwenye kundi la sita la msituni.